Kibao cha Mkwe Kimeshikwa kwa Uzi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na kama barua hii itakufikia Jumapili basi usijisumbue, nitakuwa nimeshaachika kabla ya kuoa.

Mimi ni fundi wa kukata herufi kwenye mbao. Si seremala wa vitanda na milango, hapana, mimi nachora maneno kwenye kompyuta kwa programu ya michoro, nayachapa kwenye karatasi, nabandika karatasi juu ya ubao, kisha nakata kwa ile mashine ndogo yenye msumeno mwembamba kama uzi unaopanda na kushuka, mpaka maneno yanabaki matundu na mwanga unapita ndani yake. Kazi yangu naipenda na inanilisha, sijawahi kumdhulumu mteja, na nakuambia haya mapema ili ujue kwamba aliyekuandikia si tapeli, ingawa ukifika katikati ya barua utaanza kuwa na shaka.

Sasa herufi za kutobolewa zina tabia moja ambayo lazima uielewe ndipo unielewe mimi. Ukiikata O ikawa tundu, ile duara ya katikati haina cha kuishikilia, inakudondokea miguuni, na O yako inabaki shimo tu. Duara ile sisi tunaiita tumbo. Ili tumbo lisidondoke tunaacha vipande vyembamba vya mbao vinavyoliunganisha na ubao wa nje, tunaviita madaraja, na herufi za namna hiyo umeziona kwenye magunia na makasha ya mizigo, zina mapengo mapengo. Bila daraja tumbo halikai. Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua, na mimi nalijua kuliko ninavyojua njia ya kwetu.

Nina mchumba, mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa maneno machache na macho mengi. Siku aliyonipeleka kwao tulimkuta baba yake sebuleni, mzee aliyestaafu kazi ya kuandika mabango ya maduka kwa brashi, akaniuliza nafanya kazi gani, nikasema nakata herufi, basi akavaa miwani ili anione vizuri.

"Herufi za namna gani?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Alizitazama kwa muda, akanirudishia simu kwa vidole viwili.

"Hizi ni herufi za gunia."

"Ni mapambo, mzee."

"Mapambo ya gunia."

Mama yake binti akasema jamani mpeni kwanza chai mtoto wa watu, lakini mzee alikuwa ameshaanza kunieleza jinsi alivyoandika mji mzima kwa mkono wake, kila bucha na kila kinyozi, mpaka zikaja herufi za bati zilizotobolewa, mtu yeyote mwenye sponji na kopo la rangi akawa mwandishi, na kazi yake ikaisha hivihivi anaiona. Akasema herufi yenye pengo ni kama mtu asiye na meno ya mbele, anakuchekea na wewe hujui utazame wapi. Kisha akanyoosha kidole juu ya mlango, pale penye uwazi wa kuingizia hewa ambapo wavu wa mbu umechakaa, akasema nimtengenezee kibao cha kukaa pale, kipitishe hewa na mwanga, nyuma kisizibwe na kitu, kiseme HAPA KWA BABA, na asione pengo hata moja. Akishaona kazi ndipo tutaongea habari za binti.

Mshauri, hebu yaandike maneno hayo mezani kwako kwa herufi kubwa uyatazame. A ina tumbo, P ina tumbo, B ina matumbo mawili kama ng'ombe. Yote ni matumbo kumi. Mzee angetaka KITI CHETU ningelala usingizi wa mtoto. Pale pale nilitakiwa kusema mzee, hilo haliwezekani, lakini binti alikuwa ananitazama na mama anamimina chai na mzee bado ameinua kidole, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Inawezekana, mzee."

Nilirudi karakana nikafungua kompyuta. Kwenye ile programu kuna kindoo cha rangi, ukikimwaga mahali rangi inatambaa kila palipoungana, kwa hiyo mimi hukitumia kujua kipi kitashika na kipi kitaanguka: namwaga rangi kwenye ubao wa nje, tumbo likipata rangi ujue lina daraja, likibaki jeupe ujue ni la kuokota sakafuni. Nikaandika maneno ya mzee bila daraja, nikamwaga rangi, matumbo yote yakabaki meupe yananitazama. Nikaweka madaraja, rangi ikaingia kote, nikayaona yale mapengo, nikasikia sauti ya mzee inasema gunia, nikayafuta. Nikaweka tena, nikafuta tena. Mwisho nikaizima kompyuta kwa hasira kana kwamba yenyewe ndiyo inayotaka kuoa.

Ndipo shetani akanipitisha mbele ya duka la kona, nikaona uzi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni usioonekana, ambao kwetu watu hununua kwa kutungia shanga maana hatuna hata bwawa. Nikanunua. Nikakata maneno yote kwenye ubao mnene, matumbo nikayakusanya kwenye bakuli, nikayatoboa moja moja juu mpaka chini kwa keekee nyembamba kuliko sindano, nikapitisha uzi kutoka ukingo wa juu wa herufi hadi ukingo wa chini, nikakaza nikafunga. Kila tumbo likakaa katikati ya tundu lake kama limezaliwa pale, na ukisimama mbali kidogo huoni uzi, unaona muujiza.

Siku ya kukipachika mzee alitoka hadi langoni, kwa sababu anasema kibao husomwa kutoka barabarani. Akakitazama na miwani, akakitazama bila miwani, akarudi akanipa mkono akasema, "Sijawahi kuona." Mchumba wangu alifuta machozi. Mama akapiga kigelegele cha chinichini cha kutosha nyumba moja. Mshauri, siku ile nilijiona mwanamume.

Kumbe sikuufikiria upepo. Tumbo lililoshikwa kwa uzi mmoja linazunguka. Mzee akawaleta rafiki zake wawili, nao ni waandika mabango wastaafu, wakasimama langoni mikono nyuma, na upepo ukaja, matumbo ya BABA yakaanza kugeuka moja baada ya jingine, haya yanakwenda kulia, yale kushoto.

"Zinacheza," mmoja akasema.

"Ni za kisasa," mzee akajibu.

Wote watatu wakanigeukia. Nikasema ndiyo, za kisasa. Yule aliyesema zinacheza akaagiza cha kwake papo hapo, mwanawe ni kinyozi, na mzee akamkubalia kwa niaba yangu.

Tangu hapo maisha yangu ni ya mlangoni pa watu. Uzi unalegea, kwa hiyo kila wiki naenda kusalimia, na nikifika namshukuru Mungu kwa sababu mambo yananinyookea kuliko ninavyostahili: mzee namkuta amelala kwenye kiti chake na gazeti usoni, na stuli ya jikoni, ambayo mara ya kwanza niliifuata mwenyewe, siku hizi naikuta imeshawekwa mlangoni. Napanda, nakaza, nashuka, nakohoa, mzee anaamka tunakunywa chai. Siku moja mkasi uliniponyoka ukalia sakafuni, kukoroma kukakata, nikaganda juu ya stuli kama sanamu, kisha kukaanza upya kwa nguvu zaidi. Siku nyingine tumbo la A lilikuwa limeanguka kabla sijafika, mama akaliokota akalikandamiza chini ya mguu wa meza yake inayoyumba, akawa anamshukuru Mungu kwamba limetosha sawasawa, nami nikanywa chai juu ya ushahidi wangu mwenyewe. Mzee akasema leo hewa inaingia vizuri, hasa upande wa HAPA. Na wiki iliyopita akaniuliza kama najua duka lenye uzi imara wa kuvulia samaki, eti anafikiria kuanza uvuvi. Nilishangaa kidogo, lakini ni mkwe, nikamwelekeza.

Sasa balaa lenyewe. Juzi niko juu ya stuli, nikasikia sauti ya mwalimu nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Napangusa vumbi."

"Kwa mkasi?"

Akapanda yeye. Akalishika tumbo la P akalivuta, likaja, akaliachia, likarudi likazunguka mbele ya pua yake. Alishuka akakaa kizingitini, na nilitamani angenigombeza, lakini alisema polepole kama anavyosema na watoto wa darasa lake. Alisema, "Mimi siwezi kuishi na mtu ambaye kila upepo ukivuma nitalazimika kumtazama usoni." Akasema wajomba zake wanakuja Jumamosi kuzungumza habari za ndoa, nimwambie baba yake kabla hawajafika, na nisipomwambia atasimama mbele yao aseme hanitaki, na sababu ataniachia niwaeleze mwenyewe.

Mshauri, nikisema, mzee atanifukuza, maana hakuna anachochukia kama kazi ya ujanja, na ameshanisifia kwa kila aliyewahi kushika brashi. Nisiposema, binti ameondoka. Nimefikiria kuupaka uzi gundi. Nimefikiria kupanda miti mbele ya nyumba yao izuie upepo, na miche nimeshaulizia. Silali, nikifumba macho naona matumbo yanazunguka. Nampenda huyu binti, nampenda kweli, na hata mzee mwenyewe nimeshamzoea. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi herufi uliyemsoma mpaka hapa.

*

Fundi, mwanangu,

Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu kwa sababu ya hiyo Jumamosi, na wenye shida za miaka watanivumilia. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Mara ya pili nilikasirika, na anayekuandikia sasa ni yule wa mara ya pili.

Pole kwa kukosa usingizi. Pole imeishia hapo.

Tuanze na kazi yako. Uzi mmoja? Mimi sijawahi kugusa hiyo mashine, lakini nimeanika nguo maisha yangu yote, na najua kitu kilichoshikwa mahali pamoja kitageuka. Ungefunga nyuzi mbili usingekuwa unapanda stuli za watu. Yaani hata uwongo wenyewe umeufanya nusu kazi. Sikufundishi kudanganya, nakuambia tu kwamba huna kipaji hicho, rudi kwenye kile ulicho nacho.

Sasa mzee. Chukua nakala ya barua yako, kama unayo, uisome kana kwamba imeandikwa na mjinga mwingine. Mtu aliyeishi kwa kutazama herufi maisha yake yote, mwenye miwani, asione tumbo la B linapiga mizunguko juu ya mlango wake mwenyewe? Ni nani anayekuwekea stuli mlangoni, malaika? Mtu aliyelala usingizi wa kweli, mkasi ukianguka huamka au huendelea kulala, haachi kukoroma akasikiliza kwanza. Na mstaafu anayetaka kuvua samaki mahali pasipo hata bwawa anakuuliza wewe, kati ya watu wote, habari za uzi, nawe unamwelekeza duka. Mwanangu, nilipofika hapo nilikiweka kikombe chini.

Mzee anajua. Kwa maoni yangu alijua siku ile ile langoni, alipovua miwani. "Sijawahi kuona" haikuwa sifa.

Utaniuliza mbona amenyamaza. Siishi naye, kwa hiyo nitakuambia ninavyodhani, nawe utapima. Herufi za bati zilimlaza njaa mtu yule. Hakuna anayejua kuliko yeye kwa nini zina mapengo. Alipokuomba matumbo kumi bila daraja alijua haiwezekani, akataka kusikia kama utasema haiwezekani. Ukasema inawezekana. Tangu siku hiyo anakungoja uje useme lile neno, na kila ukija unapanda stuli. Halafu kuna jambo jingine, na hili nalijua kwa umri wangu: mtu akistaafu wageni hupungua, na kijana anayekuja kila wiki, hata kama anakuja kuficha aibu yake, ni kijana amekuja. Pengine ndiyo maana anakoroma kwa bidii hivyo. Lakini usijipe moyo sana. Kupenda kukuona hakumaanishi yuko tayari kukupa binti.

Na huyo binti umemsoma vibaya kuliko baba yake. Hakukuacha. Angeweza kumwambia baba yake usiku ule ule mezani, na hakusema. Amekuachia mlango wazi upite mwenyewe kwa miguu yako, nawe unaniuliza habari za gundi. Alichokuambia kuhusu upepo, kiandike ukutani karakana, na uweke madaraja. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na wewe hata kuoa bado.

Miche ya watu iache huko huko.

Fanya hivi. Nenda kesho asubuhi, peke yako, bila mkasi. Ukimkuta mzee na gazeti usoni, kaa mbele yake ungoje, atachoka kukoroma. Mwombe ruhusa, panda, kishushe kibao, mwekee magotini alione kila fundo. Kisha sema, "Mzee, haikuwezekana, na nilijua haiwezekani nilipokuambia inawezekana." Ishia hapo. Usianze kueleza ulivyoogopa, wala usiseme ulifanya kwa ajili ya mapenzi, maana mapenzi hayakukutuma dukani. Atakachokuambia, kipokee chote umekaa. Kama atakugombeza mpaka jua la mchana, wewe sema ndiyo mzee, mpaka jua la mchana.

Usiende na kibao kipya mkononi, hiyo itakuwa hongo. Kibao kipya ni cha siku nyingine, kama utajaliwa siku nyingine, na hapo nimekuombea msaada kwa mchoraji wa gazeti letu, ambaye naye anakaa na programu za namna hiyo kutwa nzima. Amesema kosa lako jingine ni kwamba daraja umelijua la gunia tu, limenyooka katikati kama ufa. Anasema mwombe mzee aandike maneno yake kwa brashi kwenye karatasi, polepole, nawe utazame mkono unanyanyuka wapi, maana hakuna aandikaye B kwa mkupuo mmoja. Pale brashi inaponyanyuka ndipo daraja likae, kwa mlalo ule ule wa mkono wake. Ichore hivyo kwenye kompyuta, mzee akiwa amekaa pembeni yako, na hicho kindoo chako cha rangi mpe yeye amwage. Huenda atakataa. Lakini atakuwa ameulizwa, na nadhani tangu zije herufi za bati hakuna aliyemuuliza kitu.

Yule rafiki mwenye mtoto kinyozi, mwambie kibao chake kitakuwa na madaraja au hakitakuwepo. Kipande kilicho chini ya meza ya mama, kiache pale pale. Ndicho pekee katika kazi yote hii kilichopata cha kushikilia.

Ukitoka kwa mzee pitia shuleni, mwambie mwalimu kwamba umeshasema. Usimpambie. Akikuuliza baba alijibu nini, mwambie alivyojibu, neno kwa neno, hata yale ya kukuuma.

Kisha Jumamosi wajomba wakishakaa, omba ukiwa na mikono mitupu, na juu ya mlango pakiwa wazi. Mzee akikataa, atakuwa amekukataa wewe. Akikubali, atakuwa amekukubali wewe. Mpaka leo kilichokubaliwa ni kibao.